Nani Ahame Kwanza

Sijawahi kuona mtu wa Kehancha akihama Desemba ya tohara. Barabara imejaa waimbaji, vijana wametahiriwa na wanasindikizwa nyumbani, lori halipiti. Na hata likipita, nani atakubebea kabati? Kila mwenye mabega yuko kwenye ngoma. Kwa hivyo watu wanangoja. Wanangoja pia mahindi yatoke shambani, wanangoja malipo ya tumbaku, wanangoja shule zifungwe. Zaidi ya yote wanangoja yule aliyewauzia naye apate pa kwenda. Nimezaliwa hapa na sikumbuki siku ya kuhama iliyopangwa na anayehama peke yake.

Kuna miji iliyojaribu kumaliza hizo kelele kwa kalenda. New York, kwa miaka mingi ya karne ya 19, mikataba ya nyumba za kupanga ilikuwa inaisha siku moja, tarehe 1 Mei, na mji mzima unashinda barabarani na magodoro. Kule Quebec, Kanada, bado watu wengi huhama tarehe 1 Julai. Uingereza hawana tarehe, wana mnyororo: anayeninunulia nyumba hawezi kulipa mpaka yake inunuliwe, nami siwezi kutoka mpaka ninayemnunulia atoke, na funguo zote zinabadilishana mikono siku moja. Mmoja akirudi nyuma, wote wamekwama na maboksi sebuleni. Niliposoma hayo nikacheka. Si hii ni Kuria tu, na baridi kidogo?

Majirani zetu Wajaluo, kuanzia Suna hadi Karungu na kuvuka mpaka Homa Bay, wana mnyororo ambao haupiti kwa wakili. Kijana wa kiume hukaa kwenye simba, nyumba yake ndani ya boma la babake. Akishaoa na kupata watoto, hutoka kwenda kuanzisha boma lake. Hiyo ndiyo goyo dala. Wanaondoka alfajiri, na jogoo, shoka na moto, mtoto wa kwanza wa kiume akiwemo. Nyumba inainuliwa siku hiyo hiyo na usiku huo lazima walale ndani. Hakuna cha "tutamalizia kesho".

Sasa, kuna foleni. Mdogo haruhusiwi kumruka mkubwa. Akimruka, inasemekana chira itaingia, ile laana inayokondesha mtu na kumaliza watoto. Ukiwa na kaka mkubwa anayekaa Nairobi, ana kazi, ana nyumba ya kupanga na hana mpango wowote na kijiji, basi ninyi wadogo wote mmekwama nyuma yake. Nimeona familia zikimjengea kaka kibanda cha mabati ambacho hatawahi kulala ndani, ili tu foleni isonge. Watu hulicheka lile banda wakipita, lakini nyumba tatu za matofali zilizo nyuma yake zisingekuwepo bila hilo.

Kenya nzima ilisomeshwa habari hii mwaka 1987. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, walikokuwa na shamba. Ukoo wa Umira Kager ukasema apelekwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani, na katikati ya yale maneno yote kulikuwa na swali moja: je, nyumba za wakili huyu Nairobi zilikuwa boma, au nyumba tu? Upande wa ukoo ulisema mtu anaweza kununua nyumba mjini, akaishi humo miaka, na bado awe hajawahi kuhamia kwake, kwa sababu siku ya kuhama yenyewe haikufanywa inavyotakiwa. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga mwezi wa Mei. Mimi nadhani Wambui alionewa. Lakini kila nikisikia mtu wa rika langu akisema amenunua ploti Kitengela na mamake bado anamuuliza "na nyumbani utajenga lini?", naona ile kesi haijafungwa.

Mila za Kikuria si hizo za Wajaluo, na siwezi kujifanya ni zile zile. Kwetu kilichokaza mnyororo zaidi ni karatasi.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro, ukapita katikati ya Wakuria kama kisu kwenye ugali. Ndugu wengine wakabaki Tarime, wengine huku. Baada ya uhuru ikaja sheria ya 1968 ya kupima ardhi na kuamua nani ni mwenye nini, na mashamba yakaanza kupewa namba. Angalia hati za huku: zinaanza na Bukira, Bugumbe, Nyabasi au Bwirege, jina la eneo la ukoo, kisha namba ndiyo inafuata. Unaweza kuwa Mkisii uliyenunua kihalali kabisa na hati yako bado inataja Bukira mbele ya namba.

Na miaka hiyo Kehancha ilikuwa pembe tu ya wilaya ya South Nyanza, ambayo makao makuu yake yalikuwa Homa Bay. Wilaya ya Kuria tuliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo, jambo lolote kubwa la serikali lilikuwa safari.

Mzee mmoja jirani yetu alinisimulia jinsi alivyohama miaka ya 1980. Alikuwa ameuza shamba lake la Bukira kwa mwalimu kutoka Kisii. Pesa zile zile alizitoa kununua kwa mtu wa Bugumbe, na huyo wa Bugumbe alikuwa anaelekea Trans Mara. Watu watatu kwenye kamba moja.

"Tata, si mngepanga siku moja wote mtoke?" nikamuuliza.

"Mura, tulipanga. Tumbaku haikupanga."

Wa Bugumbe alikuwa na majani kwenye banda la kukaushia na hangeweza kuyaacha, maana hapo ndipo palikuwa na pesa za Trans Mara. Mwalimu naye mvua za Machi zilikuwa zinamfukuza, lazima apande. Basi akaja. Akaleta mke, watoto na kitanda, wakakaa kwenye jiko la mzee, na mzee akabaki kwenye nyumba ambayo tayari si yake. Familia mbili, choo kimoja. Mwalimu akapanda mahindi mpaka karibu na mlango. Mzee anasema alikuwa anatoka asubuhi akikanyaga kwa uangalifu shamba la mtu mwingine. Yalikuwa yameshafika magotini ndipo Bugumbe ikaachwa wazi.

Na hata hapo mke wa mzee alikataa kupanda gari. Walikuwa wamemzika mtoto pale, nyuma ya zizi, na kwenye mazungumzo yote ya wanaume hakuna aliyekuwa amelitaja kaburi. Mwalimu akaitwa, akaahidi hatalilima. Halikuandikwa popote. Mti uliopandwa pale bado upo, nimeuona.

Halafu kuna jambo ambalo yeyote kati yao hakulijua. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inasema ukiuza shamba la kilimo lazima bodi ya ardhi iidhinishe, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila idhini, mapatano ni bure, na mnunuzi anabaki kudai pesa zake kama deni. Kifungu cha 22 kinaenda mbali zaidi: kulipana au kuingia kwenye ardhi kwa mapatano yaliyobatilika hivyo ni kosa, faini mpaka shilingi 3,000 au kifungo mpaka miezi 3, au vyote viwili. Waliandika makubaliano mbele ya wazee, wakahama, na bodi wakaikumbuka ule mwaka uliofuata, miezi 6 ikiwa imeshapita. Kwa sheria ile, kitanda cha mwalimu kuingia jikoni kwa mzee kiliwaweka wote watatu kwenye hatari ya jela.

Ukweli ni kwamba kijijini hakuna anayehama baada ya karatasi. Unahama kwanza ndipo watu waamini umenunua. Mahakama ilichukua muda kukubali hilo. Mwaka 2014 na tena 2018, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kukosa idhini ya bodi hakumpi muuzaji ruhusa ya kumgeuka mtu aliyelipa na akaingia kwenye ardhi kwa ruhusa yake. Walitumia haki iliyo kwenye Katiba ya 2010. Si majaji wote waliowahi kuona hivyo, lakini kwa watu wa kawaida kilichobadilika ni kikubwa: siku ya kuhama, ambayo kwa sheria ya 1967 ingeweza kukupeleka jela, sasa inaweza kuwa ushahidi wako.

Vijana wameshaelewa. Rafiki yangu wa Suna alinunua robo ekari mwaka jana, na siku ya kuhama alipiga picha kila kitu: pikapu, godoro juu yake, muuzaji akimkabidhi kufuli, chifu msaidizi amesimama kando na mwavuli. Ameziweka kwenye simu na kwa barua pepe. Za babake bado hajamtumia, kwa sababu kaka yake mkubwa hajajenga.