Malezi ya Seli na Sukari ya Dawa

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii ilikusudiwa watu, lakini historia ya kingamwili zitumiwazo kuwa dawa yaonyesha kwamba hata seli haiepuki hukumu yake.

Mwaka 1975, katika mji wa Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani, wakapata uzao usiokoma kutoa kingamwili ya namna moja. Kazi hiyo iliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tangu hapo ilikuwa rahisi kudhani kwamba seli yenye jeni sahihi ingetoa dawa ile ile daima.

Dhana hiyo haikudumu. Kingamwili ina umbo la panda ya manati, na shina lake hubeba matawi mawili madogo ya sukari, yapata asilimia 2 au 3 ya uzito wote. Jeni huamuru mpango wa protini. Matawi hayo hujengwa na vimeng'enya vya seli, navyo hufuata hali ya tangi. Glukosi ikipungua mno, baadhi ya kingamwili hutoka pasipo sukari. Amonia ikizidi, galaktosi hupungua. Manganisi kidogo ikitiwa, huongezeka.

Je, udogo huo una madhara gani? Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba kingamwili iliyokosa fukosi peke yake ilishikamana na kipokezi kimoja cha seli za kinga za binadamu kwa nguvu iliyofikia mara 50. Mwaka 2008 ikajulikana sababu ya mzio mkali uliowapata baadhi ya wagonjwa wa saratani nchini humo waliopewa cetuximab: dawa hiyo, iliyotolewa na seli za panya, ilikuwa na galaktosi ya namna isiyotengenezwa na mwili wa binadamu. Mwaka 2011 uchunguzi ulibainisha kwamba hata dawa zilizokwisha kuzoeleka sokoni zilibadilika sukari baina ya fungu na fungu, hali maelezo ya kibandiko yalibaki yale yale.

Ndiyo sababu Ulaya, ilipoidhinisha mwaka 2013 kingamwili ya kwanza iliyoiga nyingine, iliiita mfanano, wala si nakala. Mwigaji aweza kuzijua herufi zote za jeni, lakini malezi ya tangi la mwenziwe hayajui. Mgonjwa naye, adungwapo sindano, hupokea vyote viwili: asili ya seli na malezi yake.