Jina la Kupachikwa

Jina la kwanza la mtu hutoka katika mapenzi ya wazazi wake. Liko jina la pili, la kupachikwa na majirani, ambalo mara nyingi hutoka katika kicheko. Watu wa dini wamepachikwa majina ya namna hii tangu zamani. Je, kuwaita waumini kwa jina la kupachikwa ni kuwavunjia heshima? Tuiulize historia.

Mwaka 1650 mhubiri Mwingereza, George Fox, alishtakiwa mjini Derby kwa kosa la kukufuru. Fox aliandika baadaye kwamba aliwaonya mahakimu watetemeke mbele ya neno la Mungu, na hakimu mmoja, Gervase Bennet, akaligeuza onyo lile kuwa mzaha. Alimwita Fox na wenzake Wakweka, maana yake watetemekaji. Wao wenyewe walijiita Wana wa Nuru, kisha Marafiki, kwa kuwa katika Injili ya Yohana Yesu aliwaita wanafunzi wake rafiki wala si watumwa.

Mzaha haukuishia mahakamani. Mwaka 1662 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowataja kwa jina hilo hilo la dharau, na kuwakataza wasikusanyike watu watano au zaidi kwa ibada yao. Katika miaka ile maelfu yao walifungwa, na mamia walifia gerezani. Sisemi kwamba jina ndilo lililowafunga. Walifungwa kwa kukataa viapo na kwa kuikataa ibada ya kanisa la serikali. Lakini ni vyepesi kumtesa mtu ambaye watu wamekwisha kuzoea kumcheka.

Hata hivyo, tazama yaliyofuata. Marafiki hawakulikimbia jina lile. Walilichukua, wakaishi kwa uadilifu hata likapata sifa njema. Mwaka 1902 wamishenari watatu wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo nchi yetu ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wengi wao hulitumia jina la Wakweka pasipo haya. Wamethodisti nao, ambao mmishenari wao Thomas Wakefield alifika Ribe karibu na Mombasa mwaka 1862, walipata jina lao kwa mzaha wa wanafunzi wa Oxford, waliowacheka John na Charles Wesley kwa kushika mno utaratibu katika sala na masomo.

Mtu aweza kusema: basi majina haya hayana madhara, maana wenyewe huyazoea. Hoja hiyo haitoshi. Wakweka walilitakasa jina lao kwa hiari yao; hakimu wa Derby hapati sifa kwa kazi waliyoifanya wao. Tena yako majina ambayo wenyewe hawakuyakubali kamwe.

Kwa karne nyingi Wazungu waliwaita Waislamu kwa jina lililotokana na la Mtume, yaani Wamuhamadi. Wengi waliolitumia hawakukusudia tusi. Waliliandika katika vitabu vya elimu na hata katika sheria. Walidhani kwamba kama Wakristo walivyoitwa kwa jina la Kristo, Waislamu nao wangeitwa kwa jina la Muhammad. Lakini Mwislamu hamwabudu Muhammad. Shahada yake yasema kwamba hakuna mungu ila Mungu mmoja, na Muhammad ni mjumbe wake. Kwa hiyo jina lile lilimshuhudia uongo katika jambo analolithamini kuliko yote. Nchini Kenya sheria mbili za ndoa zilibaki na jina hilo mpaka zilipofutwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014.

Hapa twaona jambo la ajabu. Jina lililozaliwa katika dharau lilipata heshima, na jina lililoandikwa pasipo kicheko liliendelea kuwaudhi watu. Basi ubaya wa jina haupimwi kwa asili yake peke yake. Yafaa tuulize maswali matatu. Je, wenyewe wamelikubali? Je, lasema kweli juu ya imani yao? Je, alitamkaye ataka kuwatambulisha, au ataka kuwadhalilisha? Hata jina lililokubaliwa laweza kuwa tusi kinywani mwa mwenye nia mbaya.

Ninyi vijana mnakaa bweni moja na wenzenu wa madhehebu na dini mbalimbali. Huenda mkasikia jina la kuwachekesha wote isipokuwa yule aitwaye, naye akatabasamu kwa kuwa hana la kufanya. Tabasamu hilo lisichukuliwe kuwa ridhaa. Mwulizeni jinsi apendavyo kuitwa, kisha mwiteni hivyo. Ni gharama ndogo kwa mwenye kuita, nayo ni heshima kubwa kwa mwenye kuitwa.