Uwazi (anatomia)

Uwazi, katika anatomia, ni nafasi iliyomo ndani ya mwili, yenye kuta zake na kwa kawaida utando unaozifunika kuta hizo. Humo hukaa viungo, ute au hewa. Tundu ni mlango wake tu.

Nafasi kubwa

Kwa nyuma kuna uwazi wa fuvu na mfereji wa uti wa mgongo. Kwa mbele, kifua na tumbo, vinavyotenganishwa na kiwambo. Tumbo na nyonga havina ukuta kati yake, ndiyo maana usaha wa kidole tumbo kilichopasuka huteremka hadi nyonga.

Sikio la kati

Huu ni uwazi mdogo wenye hewa, nyuma ya ngoma ya sikio, wenye vifupa vitatu. Mrija wa Eustachio huuunganisha na nyuma ya pua. Kwa upande wa mfupa wa nyuma ya sikio hufunguka kwenye chumba kiitwacho antrumu. Paa la uwazi huu, jembamba mno, ndilo linaloutenga na ubongo.

Mfano mashuhuri wa jeraha la uwazi huu unatoka kwenye safari iliyofuata njia ya misafara iliyopitia Unyamwezi. Machi 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, akivuka Ziwa Tanganyika kutafuta jahazi la kukodi, alilala kwenye kisiwa kimoja. Usiku mbawakawa wadogo walijaa hemani na mmoja akamwingia sikioni. Siagi iliyoyeyushwa haikumtoa. Speke akamchokoa kwa ncha ya kisu, akamuua na kujijeruhi vibaya. Usaha ulifuata, uso ukapinda, shingo ikavimba, sikio likawa karibu kiziwi. Miezi kadhaa baadaye vipande vya mdudu vilitoka na nta. Alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi na waliomsikia wakacheka. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba ngoma ilitoboka, hivyo hewa ya puani ikapanda mrijani, ikapita sikio la kati na kutokea nje.

Akiwa katika hali hiyo alirudi Kaze (Tabora), akamwacha kiongozi wa msafara, Richard Burton, mgonjwa huko, na Julai akashika njia ya kaskazini, upande inakoelekea leo barabara ya Nzega. Tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa alilolipa jina la Victoria. Alikuwa na bahati: kabla ya antibiotiki, usaha wa namna hiyo uliwahi kuwaua wengi kwa kupenya hadi kwenye ubongo.

Matumizi mengine

Katika picha za eksirei, shimo linalochimbwa na kifua kikuu ndani ya pafu nalo huitwa uwazi, ingawa ni la ugonjwa. Wilayani Nzega, ambako mgodi wa Golden Pride uliwahi kuchimba dhahabu, jambo hili linawahusu wachimbaji wadogo, kwa kuwa vumbi la silika huongeza hatari ya kifua kikuu.

Tukirudi kwenye sikio la kati: kwa watoto, sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi huhesabiwa kuwa na maambukizi sugu. Hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi, na halichokolewi kwa njiti.