Kichocheo Kinachosikia Amri

Msomaji, pale Githurai, katika wadi ya Kiuu, juala la plastiki lilikuwa mwandani wa kila fungu la nyanya hadi tarehe 28 Agosti 2017, Serikali ya Kenya ilipolipiga marufuku. Liliziba mitaro wala halikuoza. Ukaidi huo ulianzia kiwandani. Juala ni minyororo mirefu ya kaboni, nao walioivumbua hawakuwa na njia ya kuiamuru.

Mwaka 1933, huko Winnington, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett waliibana gesi ya ethilini kwa kani ipitayo ile ya hewa ituzungukayo mara zaidi ya 1,000, wakakuta kitu cheupe kama nta. Hiyo ndiyo polithini. Ilipatikana kwa bahati na kwa mabavu.

Karl Ziegler wa Mülheim, Ujerumani, alifuata njia nyingine. Minyororo yake ilikatika mapema pasipo sababu, hata ikagunduliwa kwamba chomboni mlikuwa na mabaki kidogo ya nikeli. Mwingine angaliosha chombo akasahau. Ziegler na wenzake walizijaribu metali moja baada ya nyingine, wakafika kwenye titani. Na mwaka 1953 ethilini ikaungana bila kani kubwa. Giulio Natta wa Milan aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1963 wote wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Lakini kichocheo cha namna hiyo kikisha kuanza hakingoji kuambiwa. Mwaka 2006, katika Chuo cha Imperial, London, Vernon Gibson (usimchanganye na yule wa 1933), Nicholas Long na wenzao walieleza habari za kichocheo cha titani chenye atomi za chuma pembeni. Kiliunga laktidi, ambayo yaweza kupatikana katika sukari ya mahindi. Chuma kiliponyang'anywa elektroni, kazi ilizorota. Kiliporudishiwa, ikashika kasi tena.

Mwaka 2014 Charles Romain na Charlotte Williams walitia malighafi za aina mbalimbali katika chombo kimoja pamoja na kichocheo cha zinki. Palipokuwa na kaboni dayoksaidi, kichocheo kiliisuka gesi hiyo ndani ya mnyororo. Ilipoondolewa, kikahamia malighafi nyingine.

Nawe utaona maana yake kwa mtaro wa Githurai. Mnyororo wa laktidi una viungo vya oksijeni ambavyo maji yaweza kuvifungua, ijapokuwa polepole sana. Polithini haina kiungo cha namna hiyo hata kimoja.