Majina ya Kale na Daftari la Bahari
Katika miaka ya 1820, Kapteni William Owen alipima pwani yetu kwa meli za Leven na Barracouta, na ramani zake zikahifadhiwa London. Karne tatu kabla yake, Wareno walikuwa wameandika Malindi kama Melinde na Kilwa kama Quiloa.

Baadaye, mtandao wa ODINAFRICA uliunganisha vituo vya data za bahari, vikiwemo vya Kenya, Tanzania na Msumbiji, ukatoa Atlasi ya Bahari ya Afrika. Hebu tujiulize: mtu akitafuta Kilwa, kompyuta itajuaje kwamba Quiloa ni Kilwa Kisiwani, si Kivinje wala Masoko? Haiwezi, mpaka iambiwe.

Ndiyo maana nashikilia kwamba katalogi nzuri hailifuti jina la kale. Huyaandika yote, kila moja na mwaka na chanzo chake, kisha huyafunga kwenye latitudo na longitudo moja. Wavuvi nao wana majina ya miamba na mikondo. Mengi hayamo ramanini. Tusipoyaandika, wazee wataondoka nayo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.