Fahamu Kodi Iliyomo Katika Bili ya Mkahawa

Mteja anayekula katika mkahawa uliosajiliwa nchini Kenya hulipia chakula pamoja na makato mawili ya kisheria. La kwanza ni Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 kwa mujibu wa Sheria ya VAT ya mwaka 2013. La pili ni tozo ya utalii ya asilimia 2, ambayo wengi bado huiita tozo ya upishi. VAT hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), nayo tozo hupelekwa katika Hazina ya Utalii.

Wapo wanaohoji sababu ya chakula kutozwa kodi ilhali mboga na matunda mabichi hayatozwi sokoni. Msamaha huo unahusu mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa. Yanapopikwa na kuandaliwa mkahawani, kinachouzwa ni huduma, na huduma hiyo hutozwa kodi.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni maandishi ya menyu. Pakiandikwa kuwa bei zinajumuisha kodi, kiasi kilichoonyeshwa ndicho cha kulipwa. Kwa mfano, mlo wa shilingi 1,180 una bei halisi ya shilingi 1,000, VAT ya shilingi 160 na tozo ya shilingi 20. Makato yote mawili hukokotolewa kutokana na ile shilingi 1,000. Mkahawa ukiongeza tena asilimia 18 juu ya shilingi 1,180, bili itafika shilingi 1,392.40, na mteja atakuwa amelipa shilingi 212.40 zaidi. Mteja ana haki ya kuomba maelezo kabla ya kulipa.

Ada ya huduma isichanganywe na kodi. Ada hiyo huwekwa na mkahawa wenyewe na haiingii katika hazina ya Serikali. Bahashishi nayo ni hiari ya mteja.

Si kila mkahawa unaopaswa kutoza VAT. Sheria humlazimu kujisajili mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanayotozwa kodi yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Asiyesajiliwa hana mamlaka ya kuongeza VAT katika bili. Kibanda kidogo kinachodai asilimia 16 bila usajili kinamtoza mteja fedha ambazo hazitafika serikalini.

Ni muhimu pia kutofautisha bili na risiti. Bili inayoletwa mezani huonyesha tu kiasi kinachodaiwa. Risiti halali ya kodi hutolewa kupitia mfumo wa kielektroniki wa KRA, nayo huwa na jina la mfanyabiashara, namba yake ya PIN, tarehe, kiasi cha kodi na alama ya QR ambayo mteja anaweza kuisoma kwa simu ili kuihakiki.

Kabla ya kuondoka, mteja anashauriwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kodi imetozwa mara moja tu, kwamba ada ya huduma imeandikwa kando, na kwamba amepewa risiti halali. Anayenyimwa risiti anaweza kutoa taarifa katika ofisi yoyote ya KRA. Fedha hizo zimetoka mfukoni mwa mwananchi, na risiti ndiyo inayowezesha kufuatiliwa hadi zifike panapostahili.