Kitufe na Ridhaa: Habari ya Same

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita Same chini ya milima ya Upare. Sambamba nayo ulinyoshwa waya wa telegrafu. Karani alipobonyeza kitufe chake, chombo cha stesheni ya mbali kiligonga papo hapo, kana kwamba kimeguswa kwa mkono. Chombo hicho hakikumwuliza abonyezaye ni nani, wala ana haki gani, kilitii tu.

Watu hawakuwa hivyo. Mwaka 1945 Wapare walioikataa kodi ya mbiru waliteremka kwa wingi hadi Same, wakapiga kambi, wakitaka watawala wa Kiingereza wawasikilize ana kwa ana. Kodi hiyo hatimaye iliondolewa. Amri yaweza kwenda kwa waya. Ridhaa sharti ifuatwe kwa miguu.